Fundi Akistaafu, Anasali Nini?

Katika Biblia yetu sisi Wakatoliki kimo kitabu cha Yoshua bin Sira, na sura yake ya 38 imenihangaisha kuliko mahubiri yote niliyoyasikia pale Kanisa Kuu la Mama Mwenye Huruma, hapa Ngokolo, Shinyanga. Mzee huyo wa Yerusalemu anaanza na waganga na dawa zao, anapita kwenye misiba na namna ya kulia kwa kiasi, kisha anatugeukia sisi wa kazi za mikono. Anamtaja mkulima asiye na mazungumzo ila ya mafahali. Anamtaja mchonga mihuri anayekesha ili nakshi yake ifanane na kitu chenyewe, mhunzi anayebabuka kwa moto, mfinyanzi anayezungusha gurudumu kwa miguu. Anasema watu hao hawaitwi barazani wala hawakalii kiti cha hakimu, ila bila wao hakuna mji unaokalika. Halafu anatupa neno ambalo mimi, mchora kuta, nililikamata tangu ujana na sikuliachia: sala ya watu hawa imo ndani ya kazi yao.

Nililikamata kwa sababu lilinifaa. Jumapili nyingi zilinikuta juu ya ngazi Kakola au Katoro, mwenye baa ananiharakisha kwa kuwa anafungua Jumatatu, na mke wangu akiniuliza nilisali wapi nilimtajia Bin Sira. Akanijibu kwamba Bin Sira hakuoa Msukuma. Lakini sikuwa natania. Niliamini, na bado naamini, kwamba ukimchora ng'ombe huku umemwangalia sawasawa, nundu yake, mikunjo ya ngozi chini ya shingo, namna anavyotupia uzito miguu ya mbele anapoinama kunywa, umemsifu aliyemuumba kuliko yule anayeimba zaburi huku anawaza bei ya pamba.

Sasa nimeweka brashi chini. Hakuna aliyenifukuza. Mtoto wa jicho alishatolewa, naona vizuri. Mkono hautetemeki. Mabango yanayochapwa kwa mashine yametunyang'anya kazi ya maandishi, ni kweli, ila picha zilikuwa bado zinaulizwa. Nimeacha tu. Jumuiya yetu ilinifanyia tafrija, wakachinja mbuzi, wakanipa kiti cha kuegemea na saa ya ukutani, zawadi ambayo sijui inamhusu nini mtu asiye na pa kuwahi. Walikuja watu wazima waliosoma mbele ya kuta zangu, wakawaonyesha watoto wao kwa kidole: huyu ndiye aliyechora ng'ombe wa shuleni kwetu. Mayu mmoja jirani yangu alilia kabisa, na mimi nikakaa kwenye kile kiti nikijisikia nimesomewa wasifu wa marehemu nikiwa hai. Na hapo ndipo Bin Sira alinigeuka. Kama sala ya fundi ni kazi yake, siku anapoacha kazi anasali nini?

Niseme kwanza nilikuwa nachora nini, maana swali linapata uzito hapo. Nilianza na namba na maandishi kwenye milango ya malori ya ushirika, yale yaliyobeba pamba kwenda kwenye vinu vya kuchambulia. Baadaye mwenye bucha mmoja wa Kitangili akataka kichwa cha ng'ombe mlangoni. Nikamchorea ng'ombe mzima, nyuma yake zizi, nyuma ya zizi miamba kama tunayoiona njia ya kwenda Mwanza, na pembeni mwanamke amejitwika mtungi. Mwenye bucha alisema yeye hakuagiza mwanamke. Watu wakaja kumtazama mwanamke, wakanunua nyama. Tangu hapo sikuombwa tena kitu kingine ila kijiji: nyumba za msonge, mbuyu, watoto wa kuchunga na fimbo zao mabegani, bwawa lililochafuliwa na kwato, watu wamejipanga shambani wanalima bugobogobo huku mpiga ngoma akiwapa mwendo.

Watu wa mbali hudhani picha za namna hiyo hupendwa na wazee wanaokumbuka zamani. Upande wetu huu waliozipenda zaidi walikuwa vijana wa dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, miji ya jirani ilifumuka, na mbali na migodi hiyo mikubwa rashi, yale machimbo ya ghafla ya wachimbaji wadogo, zilikuwa zikizuka hapa na kufa pale. Kila rashi ilileta kuta. Kijana anashuka duarani kwa kamba, tochi kichwani, anapandisha mawe kwa viroba. Mawe yanakwenda kwenye karasha, unga unakwenda kuoshwa, kisha mtu anakamua zebaki kwenye kitambaa kwa mikono mitupu. Jioni kijana huyo ana fedha. Ungedhani akiwa baa atapenda kutazama picha ya gari la kifahari au maghorofa ya Dar es Salaam. Anataka ng'ombe wanakunywa maji. Nyarugusu nilimwona mmoja amesimama mbele ya ukuta wangu, chupa mkononi, anawahesabu ng'ombe kimoyomoyo. Akaniuliza, "Mzee, mbona ndama hayumo?" Nikamwongezea ndama. Akahesabu tena, akaridhika, akaenda kukaa.

Sikumuuliza ng'ombe wale walikuwa wa nani. Huenda baba yake aliwauza. Huenda walikufa kiangazi fulani. Huenda hawakuwahi kuwapo, na ndio aliokuwa akiwatafutia dhahabu.

Na hapo naona picha ilikuwa ombi kuliko kumbukumbu. Miaka ya 1980 ardhi ya Shinyanga ilikuwa uchi. Wakoloni walifyeka misitu ili kuwaangamiza mbung'o, pamba ikafyeka iliyobaki, kuni na mifugo vikamalizia, hata watu wakaanza kutuita jangwa. Miaka hiyohiyo mimi nilichora miti. Nilichora migunga na mikwaju kwenye ukuta ambao mteja akitoka nje ya mlango alikutana na vumbi. Mwalimu mmoja aliniambia ninawadanganya watoto wake. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na busara ya mradi ule, kwa maoni yangu, ilikuwa kuwarudishia watu kitu chao wenyewe: ngitili, kile kipande cha malisho ambacho Msukuma anakifunga masika ili majani yasimame hadi kiangazi. Wakafunga, visiki vikachipua. Ngitili zikaenea zaidi ya hekta laki tatu, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sidai kwamba kuta zangu ziliotesha mti hata mmoja. Nasema tu kwamba anayechora mti pasipo na mti na anayepiga magoti kuomba mvua penye jua kali ni ndugu, na huyu wa pili sijasikia mtu akimwita mwongo.

Kwa hiyo nilikuwa nasali, nakubaliana na Bin Sira. Lakini kustaafu?

Babu zetu wasingelielewa swali hili. Usukuma ilikuwa na wachoraji kabla ya mabati na kabla ya rangi za dukani. Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, walikuwa na nyumba za kuwafundishia wanachama wapya, na kuta za ndani za nyumba hizo zilijaa picha za nyoka, za watu wa kale, za viumbe wa hadithi zao. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, alitoa kitabu juu ya picha hizo mwaka 1953, na bila kitabu hicho tungekuwa na kidogo sana cha kuonyesha, kwa sababu nyumba zile zilikuwa za udongo. Mvua ikizila, picha imekwenda. Mchoraji hakuandika jina lake pembeni. Hakuuza. Alichora ili anayeingia aelewe ameingia wapi, na nguvu zikimwishia, chungu cha rangi kilishikwa na mwingine. Kuna kuacha pale, ila hakuna kustaafu. Kustaafu kumekuja na sisi tulioweka jina na namba ya simu kwenye kona ya picha. Mimi nina kitu cha kustaafu kwa kuwa nilikuwa na biashara. Sala ile na biashara ile zilikula sahani moja kwa muda mrefu mno, na sasa natakiwa nizitenganishe.

Nimemfikiria sana Sam Ntiro katika jambo hili. Padre mmoja aliwahi kunionyesha picha zake kitabuni, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kazi ninayoifanya ina mkubwa wake. Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma kwa Margaret Trowell pale Makerere, akaenda chuo cha Slade, London, akarudi kufundisha Makerere. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 alirudi London kuwa Balozi wetu Uingereza, na baadaye akawa Kamishna wa Utamaduni. Huyo ni mtu wa suti na mikutano. Tazama sasa alichokichora: wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, watu wanavuna, watu wanajenga, watu wanakwenda sokoni, migomba, mlima. Picha ile ya pombe ya harusi ni ya mwaka 1956, na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York iliinunua mwaka 1960. Vyeo vilimjia na kumwondokea kama vinavyomwondokea kila mtu, alifariki mwaka 1993, lakini kijiji chake hakikuhama kwenye turubai.

Mwanzoni sikuzipenda picha zake, niwe mkweli. Watu ni wadogo, nyuso karibu hazipo, nami nilikuwa najivunia nyuso. Mteja alikuwa anataka kumtambua shangazi yake. Ilinichukua miaka kuona kwamba Ntiro hawachori watu mmoja mmoja. Anachora kule kwenda kwao pamoja, mzigo mmoja vichwa vingi, kama aliyesimama juu ya kilima asikoweza kusikia maneno yao ila anajua wanakwenda wapi. Balozi aliyekaa London alikuwa juu ya kilima kirefu kweli. Na hapo ndipo anaponisaidia: mtu anaweza kufanya kazi nyingine kabisa, ya ofisini, ya mbali, na sala yake ikabaki kijijini. Basi kumbe sala haikuwa kwenye mkono. Ilikuwa kwenye kule kutazama. Bin Sira angenijibu kwamba mkono ndio uliomlazimisha mtu atazame, na hilo nalo ni kweli, wala sijui la kumjibu.

Yupo mwingine wa Kilimanjaro, Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932, naye ndiye aliyenisukuma kwenye uamuzi bila kunijua. Mwaka 1959 alichora kuta za kanisa la Kianglikana kule Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Aliyachora maisha ya Yesu yakitokea kwenye vilima vya Wakikuyu, kwa watu wa pale na migomba ya pale. Mchora ukuta kama mimi akisikia hivyo anakaa sawa. Baadaye Njau alianzisha Paa ya Paa, Nairobi, na huko akajulikana kwa fundisho lake kali: usiige, kwa kuwa kuiga kunamlaza Mungu usingizi.

Nimebishana na Njau kichwani miaka mingi. Sisi wa kuta tunaishi kwa kurudia. Mteja anakuja na kusema, "Niwekee kama ile ya pale kwa fulani," na ukimwekea tofauti halipi. Na kurudia kuna ubaya gani? Rozari ni nini kama si kurudia? Salamu Maria hamsini, zilezile, na sijasikia kwamba Mungu alisinzia. Nililiridhikia jibu langu hili hadi siku moja Kahama, nikiwa nachora bwawa langu la kawaida, nikawa nabishana na kijana wa bodaboda kuhusu Stand United na Mwadui, nani mkubwa. Ubishi ulikuwa mtamu. Nilipogeuka ukutani nikakuta ng'ombe wanne wamekamilika, nundu, kwato, hadi kivuli kwenye maji, na sikumbuki kuwachora hata mmoja. Walikuwa ng'ombe wazuri. Mteja alifurahi. Mimi nilikaa kwenye ndoo ya rangi nikajiuliza aliyesali ni nani. Njau alikosea kidogo tu, nadhani: kuiga hakumlazi Mungu, kunamlaza anayesali. Katika rozari walau mtu akisinzia shanga zinamdondoka. Mkono wangu ulikuwa umeshajua kushika shanga bila mimi.

Ndiyo sababu yangu, na si uchovu, wala si mabango ya mashine, kama wengi wanavyosema pale mitumbani.

Habari ilipotoka, aliyekuja kwanza ni kijana mmoja mnunuzi wa dhahabu kutoka Katoro. Alipaki gari mbele ya nyumba, akavua miwani, akainama.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti." Nikampa kile cha kustaafu.

Alikuwa anamaliza hoteli. Alitaka ukuta mzima wa ukumbi, kijiji cha kwao upande wa Kishapu kama kilivyokuwa utotoni mwake, na bei aliyoitaja ilimfanya mke wangu aache kupepeta mchele. Nikamwambia nimeacha. Akanitazama kwa huruma, kama watu wanavyomtazama mzee aliyeanza kusahau, akasema, "Mzee, Mungu hakukupa kipaji ukakilalie. Yule wa talanta moja si alifukia chini? Unajua kilichompata."

Wengi wamenitupia mfano huo, pamoja na katekista wetu, ambaye alikuja na Biblia kabisa. Nimeusoma Mathayo 25 hadi ukurasa umelegea. Mtumwa yule anajieleza mwenyewe, na maelezo yake ni ya woga: alimjua bwana wake kuwa mgumu, akaogopa, akafukia. Hakufanya biashara hata siku moja. Hajawahi kupata hasara wala faida. Anayeacha baada ya kuzungusha mtaji maisha yake yote hayupo kwenye mfano ule, Yesu hakumtaja. Nilimwambia kijana wa Katoro, kwa kuwa ni mtu wa Kishapu na angenielewa, "Baba yako alipofunga ngitili, alikuwa amefukia malisho?" Akacheka. Akasema ngitili hufunguliwa kiangazi kikifika. Vijana wa siku hizi wana majibu, na hilo lilikuwa jibu zuri kuliko la katekista. Nikamwambia kiangazi kikifika tutaona, ila ngitili haitafunguliwa na mimi peke yangu. Mjini hapa yupo kijana anayechora, nilimshikisha brashi mwenyewe. Akasema anamtaka yule aliyemchorea ndama rafiki yake Nyarugusu. Tukaagana vizuri. Mke wangu hakuagana naye vizuri kiasi hicho. Alimsindikiza hadi garini akimwomba arudi.

Mtu niliyeshindwa kumjibu ni rafiki yangu muuza rangi. Ni Mwislamu wa swala tano, amekwenda Hija, na mimi namwita Alhaji naye ananiita Mzee Brashi. Aliniuzia rangi miaka yote hiyo huku akinionya. Kwa mafundisho yao, mwenye kuchora viumbe vyenye roho ataambiwa Siku ya Kiyama avipulizie uhai alivyovichora, na hataweza. Nilipomweleza kwamba nimeacha, alinyanyua mikono akasema, "Alhamdulillahi, umepunguza idadi ya ng'ombe utakaodaiwa." Kisha akanipigia hesabu ya deni langu la dukani, maana deni la dunia halisubiri Kiyama.

Huyo ndiye niliyemletea hoja yangu kubwa ya Mwanzo. Nilimwambia: Mungu aliumba siku sita, siku ya saba akaacha. Hakuishiwa vitu vya kuumba. Angeweza kuongeza twiga wa aina nyingine, bahari ya pili, mwezi wa kutuangazia Shinyanga peke yetu. Aliacha akiwa bado anaweza. Na karibu kila jioni ya siku zile alikuwa akitazama na kuona ni vyema, ila kutazama kwa jioni ni kwa haraka, kesho kuna kazi. Siku ya saba haina kazi nyingine. Kama Muumba mwenyewe aliacha brashi akiwa na nguvu, kwa nini mimi nisiache?

Alhaji alipima misumari ya mteja, akafunga, akapokea fedha, ndipo akanijibu. Sisi hatusemi alipumzika, akasema. Kurani inasema aliumba mbingu na ardhi kwa siku sita na uchovu haukumgusa, na pengine inasema kila siku Yeye yumo katika jambo. Angeacha kushika dunia kwa kufumba na kufumbua jicho, wewe na mimi tusingekuwa hapa dukani tukidaiana. Nikamwambia uchovu hata mimi sikuutaja. Akasema, "Basi usiseme aliacha." Nilirudi nyumbani nikijua kwamba ameshika mahali pabovu pa hoja yangu, na mbaya zaidi, Yohane sura ya tano iko upande wake: Yesu akilaumiwa kwa kumponya mtu siku ya Sabato anajibu kwamba Baba yake anafanya kazi hadi sasa. Sikumpelekea Alhaji mstari huo. Angeutundika dukani.

Labda tunachoweza kukubaliana ni hiki. Kazi ya kuumba na kazi ya kushika alichokiumba ni mbili. Ya kwanza ina jioni. Ya pili haina. Mchora kuta ana sehemu kwenye ya kwanza, kwa mbali sana, kwa mfano tu, na hiyo inaweza kufika jioni. Katika ya pili tuna sehemu wote, hata asiyejua kushika brashi, na humo hakuna tafrija ya kuagwa wala saa ya ukutani.

Mwalimu Nyerere aliliona hili, nadhani, ingawa kwa upande wa siasa. Aliondoka Ikulu mwaka 1985, uenyekiti wa chama mwaka 1990, akaenda Butiama kulima. Watu wanakumbuka usuluhishi wake wa Burundi. Wachache wanakumbuka kwamba katika miaka hiyo ya kustaafu aliziweka Injili katika tenzi za Kiswahili, beti kwa beti. Akiwa madarakani alikuwa amezitafsiri tamthilia za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, usiku baada ya kazi za nchi. Alipopata nafasi, alikwenda kwenye Mathayo na wenzake. Kalamu ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena aliyekuwa akisubiri nakala. Leo Jimbo la Musoma limefungua kesi ya kumtangaza mwenye heri, na sijui kama tenzi zile zitahesabiwa. Mimi ningezihesabu kabla ya hotuba.

Na nikimrudia Bin Sira kwa macho haya ya kustaafu naona kitu nilichokuwa nakiruka. Kabla hajatutaja sisi mafundi, sura hiyohiyo inasema hekima ya mwandishi hutoka kwenye nafasi aliyonayo. Asiye na shughuli nyingi ndiye atakayepata hekima. Halafu ndipo anapouliza mkulima atapataje hekima na mafahali wake. Kwa hiyo alikuwa anatusifu na kutusikitikia papo hapo. Tunaushikilia ulimwengu usibomoke, tunasali kwa kazi, lakini hatuna nafasi, kwa hiyo hatujui tunachokisali. Ujana wangu wote nilisoma nusu ya pili tu kwa sababu ndiyo iliyonitetea mbele ya mke wangu. Ile ya kwanza ilikuwa inanisubiri niwe na kiti.

Basi nina nafasi. Ninachokifanya nayo ni kwenda minadani. Napanda gari hadi Tinde, nasimama kwenye uzio, natazama ng'ombe. Ni kazi ngumu kuliko nilivyotarajia. Jicho la mchoraji halitazami, linapora: likiona nundu linauliza itachanganywa rangi gani, likiona kivuli linakipima kingeangukia wapi ukutani. Inachukua karibu asubuhi nzima kulinyamazisha. Likinyamaza, ng'ombe anabaki ng'ombe, ana nzi machoni, ana alama ya chuma kwenye paja, ana woga kwa sababu amenusa damu ya machinjio ya jirani, na mimi sina la kumfanya. Simchori, simnunui. Namtazama tu aliyemuumba akiendelea kumshika.

Wiki chache zilizopita mfanyabiashara mmoja wa mifugo alichoka kuniona.

"Mzee, unanunua?"

"Hapana, mwanangu."

"Unauza?"

"Hapana."

"Sasa hapa unafanya nini tangu asubuhi?"

Nikamwambia nasali. Akamwita mgambo, maana wizi wa mifugo umezidi na wezi, inavyosemekana, huanza kwa kutazama. Mgambo akaja na rungu lake, akaniangalia usoni, akauliza kama mimi si yule mzee wa picha. Nikakubali. Akauliza kama ni kweli nimeacha, kwa sababu shemeji yake anafungua baa Tinde hapohapo, ukuta upo tayari, lipu imekauka, anataka kijiji. Nikampa namba ya yule kijana.